Tulimleta mbwa mdogo nyumbani, akafichua siri ya mathe

MAKANGA alitazama kikapu nilichobeba, akaona pua nyeusi ikichungulia, akacheka hadi akaegemea mlango wa matatu.

“Boss, huyo ni mbwa ama panya? Na hata akiwa panya, hapa hapandi.”

Hivyo ndivyo safari ya Njugu kuja kwetu Kahawa West ilivyoanza. Matatu tatu zilitukataa. Mwishowe nikaita teksi kwa simu, na dereva akakubali kwa masharti mawili: nitandike shuka kuukuu kitini, na niongeze Sh300 za kuosha gari endapo “mteja wako mdogo” angechafua. Hakuchafua. Alitetemeka tu njia nzima, kichwa amekificha chini ya mkono wangu.

Njugu ni mbwa jike wa kilo sita. Ana rangi ya njugu karanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mguu wake wa nyuma uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya, kwa hivyo akikimbia anadunda kama baiskeli yenye rimu iliyopinda. Aliokotwa kwenye mtaro akiwa ndani ya gunia. Nani alimfunga humo, hakuna ajuaye.

Leo ukifika kwetu, yeye ndiye wa kwanza kukupokea. Lakini nusura tumrudishe. Na kosa kubwa katika kisa hiki halikuwa la mbwa, lilikuwa langu.

Kengele ama askari?

Yote yalianza na wezi. Usiku mmoja waliingia kwetu wakabeba runinga, mtungi wa gesi na viatu vya shule vya kitindamimba wetu, ambaye nyumbani tunamwita Junior. Ana miaka minane. Tangu siku hiyo akawa hataki kubaki peke yake kejani akitoka shule. Mathe huuza mitumba Githurai na hurudi saa mbili usiku. Dadangu yuko shule ya bweni. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na nahangaika na vibarua vya hapa na pale.

Nikawaza: tupate mbwa. Nilipomwambia mathe, alinijibu neno moja tu: “Hapana.” Nikadhani ni habari ya gharama na uchafu. Sikumuuliza zaidi, na hapo ndipo nilipopotea.

Kwenye mitandao, watoto wa mbwa aina ya jamani shepadi walikuwa wanauzwa kwa maelfu ambayo sikuwa nayo. Rafiki yangu akanielekeza kwenye makao moja ya kuokoa wanyama viungani mwa jiji. Watu wengi wa rika letu hawajui kwamba Nairobi ina makao kama hayo. Shirika la KSPCA, lenye makao yake mtaani Karen, limekuwa likiokoa wanyama nchini tangu 1910, na siku hizi kuna makundi mengine madogo yanayofanya kazi hiyo hiyo. Mbwa wengi wanaopatikana humo ni wale tunaowaita mbwa koko, hawana ukoo wa kujivunia. Lakini mwili wa koko umezoea hali ya hapa, na mara nyingi hausumbuliwi na maradhi ya kuzaliwa nayo yanayowaandama mbwa wa ukoo mmoja.

Niliingia nikitafuta jibwa. Mhudumu, mama wa makamo aliyevaa gambuti, akaniuliza kwetu kukoje. Nikamwambia: nyumba ya vyumba viwili vya kulala, ua mdogo nyuma, ploti yenye majirani wanne.

“Kijana, unataka kengele ama unataka askari?” akasema. “Mwizi haogopi ukubwa wa mbwa gizani. Anaogopa kelele. Ukifungia mbwa mkubwa kwenye ua wa hatua sita, atakuwa mkali kwa kila mtu, hata kwako.”

Akanionyesha Njugu. Hakunijia wala hakutikisa mkia. Alijibanza kwenye kona akinitazama kwa jicho moja. Nilirudi mara tatu ndani ya wiki mbili, nakaa sakafuni bila kusema kitu. Mara ya tatu alikuja akanusa kiatu changu, akalala karibu nacho.

Kabla ya kupewa mbwa unajaza fomu. Nani atashinda naye mchana? Mwenye nyumba ameruhusu? Una uwezo wa kumpeleka kwa daktari wa mifugo? Swali la mwisho lilikuwa: je, kila mtu nyumbani amekubali?

Nikaandika “Ndiyo.”

Siku tatu chini ya kochi

Mathe alifungua mlango akatuona. Sikutarajia atakachofanya. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango kwa kitasa. Usiku huo hakula.

Asubuhi alisema, bila kunitazama, “Mwezi mmoja. Asiingie chumbani kwangu. Na Junior asiguswe na huyo mnyama.”

Njugu naye alikuwa na masharti yake. Aliingia chini ya kochi na hakutoka siku tatu, isipokuwa usiku kwenda haja uani. Mhudumu alikuwa amenionya. Watu wanaofanya kazi hii wana hesabu yao: siku tatu mbwa ana hofu, wiki tatu anajifunza utaratibu wa nyumba, miezi mitatu ndipo anaamini kwamba hapa ni kwao. Si sheria ya kila mbwa, lakini inakusaidia usikate tamaa mapema. Usimvute miguu. Usiite mbogi yako kuja kumpiga picha. Mwekee maji, mwekee kitambaa cha kulalia, mwache.

Siku ya nne nilikuwa napika chapati. Nikasikia kucha sakafuni. Nilipogeuka alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, sikio moja juu, jingine chini.

Chakula hakikututia hasara nilivyoogopa. Alikula ugali uliochanganywa na omena au matumbo yaliyochemshwa, bila chumvi na bila vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa mbwa, sawa na chokoleti na zabibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe, kwa sababu huvunjika kama vigae na inaweza kumtoboa utumbo. Kwa mbwa wa kilo sita, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni kilitosha.

Kilichonifinya mfukoni ni daktari. Njugu alikuwa ameshachanjwa na kuhasiwa makaoni, lakini bado kulikuwa na dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na dawa ya kupe na viroboto. Mwezi wa kwanza nilitumia karibu Sh3,000, nikaacha kununua bando za wikendi.

Majirani nao walikuwa na yao. Mmoja alikuwa akicheka kila asubuhi: “Mnafuga paka anayebweka?” Jirani wa mlango wa pili ni Mwislamu, na mate ya mbwa humlazimu kuosha kwa utaratibu maalum kabla ya kuswali. Nilienda kwake mapema. “Shikamoo mama. Tumeleta mbwa, nimeona nikuambie mwenyewe.” Tukaelewana: Njugu asipite kwenye ukumbi wa pamoja bila kamba, na asikaribie anapoanika nguo. Hadi leo hatujakosana. Ukizungumza na jirani kabla ya tatizo, nusu ya tatizo imeisha.

Jioni ya sahani

Wiki ya tatu mambo yalikuwa poa. Junior alikuwa amevunja amri ya mathe zamani. Akitoka shule anakaa uani na Njugu, anamsomea kitabu cha hadithi. Hakuwa anaogopa tena kubaki nyumbani. Nikajiambia nimeshinda.

Jioni moja ya Alhamisi nilimwekea Njugu chakula uani, nikaingia ndani kujibu simu. Nikasikia mlio mfupi wa mbwa, halafu kilio cha Junior.

Sahani ilikuwa imesogea karibu na maji machafu, naye akataka kumsaidia. Akaivuta wakati Njugu kichwa kimo ndani. Jino moja lilikuwa limeingia chini ya kidole gumba. Tundu dogo, damu kidogo.

Mathe ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini. Aliangusha mfuko wa mitumba akamshika Junior mkono na kumkimbiza kwenye mfereji. “Sabuni! Lete sabuni!” Akafungua maji, akaosha, akaosha, huku macho yako kwenye saa ya ukutani. Nilipomwambia inatosha, alinikemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. “Dakika 15! Usiniguse mkono kabla ya dakika 15!”

Nilibaki nimeduwaa. Mathe huyu, ambaye hakuwahi kufuga hata paka, alijua vipi hesabu hiyo?

Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na chanjo. Ya pili ilikuwa nayo. Daktari aliangalia kidonda, akauliza kadi ya mbwa, nikamwonyesha kwenye simu. Alisema Njugu amechanjwa, jambo ambalo ni heri kubwa, lakini hawezi kucheza na maisha ya mtoto. Akamdunga Junior sindano ya kwanza, akatupangia siku za zilizofuata. Kisha akasema: “Msimuue mbwa, wala msimfukuze. Mfungieni mumwangalie siku 10. Mbwa aliyekuwa na kichaa wakati wa kuuma, ndani ya siku hizo ataonyesha dalili au atakufa. Akiwa mzima siku ya kumi, hakumwambukiza mtoto.”

Njiani kurudi, kwenye kiti cha nyuma, nilikumbuka ile fomu. Je, kila mtu nyumbani amekubali?

Kikombe cha maji

Siku hizo 10 zilikuwa ndefu. Njugu alifungiwa uani. Kila asubuhi nilimwangalia: anakula? Anakunywa? Anatembea sawa? Sauti yake imebadilika? Mathe naye alikuwa akisimama dirishani, kikombe cha chai mkononi, anamtazama bila kusema neno.

Usiku wa tano nilimkuta ameketi jikoni gizani. Nikamwambia ukweli kuhusu fomu. Nikamwambia nitamrudisha Njugu, siku 10 zikiisha tu.

Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtoto wake yeyote.

Alikuwa na kaka. Mimi nilijua tu kwamba nyanya, ambaye kwa Kikamba tunamwita Susu, alizaa watoto sita wakabaki watano. Kaka huyo alikuwa na miaka tisa, mathe akiwa na saba. Walikuwa wanatoka kuchota maji kijijini kwao Makueni, mbwa wa jirani akamuuma mguuni. Kidonda kilikuwa kidogo. Nyumbani wakakipaka mafuta ya taa na majani, kikapona. Hakuna aliyefikiria hospitali.

“Karibu miezi miwili baadaye akaamka anasema mguu unamwasha mahali palipopona,” mathe akasema. “Siku iliyofuata Susu alimletea maji kwenye kikombe. Akapiga ukelele. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua kama mtu anaweza kuogopa maji. Hakumaliza wiki.”

Akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

“Nesi aliyekuja baada ya mazishi alituambia, mngeosha na sabuni dakika 15, mngekuja hospitali siku ile ile. Sijasahau. Sasa wewe ukaniletea mbwa mlangoni bila kuniuliza.”

Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia, “Nisamehe, mama.” Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikumwita mathe.

Maradhi yanayozuilika

Kichaa cha mbwa si hadithi ya zamani. Kiligunduliwa nchini mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi, na hakijaondoka hadi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua takriban watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya walioambukizwa walipata virusi kutoka kwa mbwa, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini ukiosha kidonda mara moja na kupata chanjo kwa wakati, karibu hakuna anayekufa.

Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huu miongoni mwa binadamu kufikia 2030. Msingi wake hauna uchawi: ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani, tena mwaka baada ya mwaka, virusi vinakosa pa kupitia. Kuwapiga mbwa risasi au kuwatilia sumu hakujawahi kuleta matokeo hayo, kwa sababu wanaouawa leo kesho nafasi yao inachukuliwa na wengine ambao hawajachanjwa.

Kwa maneno mengine, mbwa aliyechanjwa anayelala uani kwenu ni ukuta kati ya mtoto wenu na ugonjwa huo.

Siku ya kumi

Siku ya kumi iliangukia Jumapili. Njugu alikuwa mzima, amechoka na kifungo, anakwaruza mlango. Nilichukua kikapu ili nimpeleke kwa daktari wa mifugo, na kutoka hapo nimrudishe makaoni. Mathe akatoka chumbani amevaa nguo za kanisani.

“Twende pamoja,” akasema.

Daktari alimkagua Njugu akasema hana neno. Mathe akachukua kadi ya chanjo, akaisoma mara mbili, akauliza tarehe ya sindano ijayo, akaiandika kwenye simu yake. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeuliza: “Kwa nini alimuuma?”

Daktari alieleza kwamba mbwa aliyewahi kukaa njaa mtaroni hulinda sahani kana kwamba ni chakula chake cha mwisho. Dawa yake si kipigo. Mlishe mahali pamoja, saa zile zile, pasipopita watu. Asiguswe akila wala akilala. Ukipita karibu naye, mdondoshee kipande kitamu pembeni mwa sahani, uende zako. Baada ya wiki kadhaa ataanza kujua kwamba mkono wa mtu unaleta, haunyang'anyi.

Tukatoka. Nikauliza, “Tunaelekea makaoni ama nyumbani?”

Mathe akamtazama Njugu, aliyekuwa amelala kikapuni na sikio lake moja juu. “Hakuwa na kosa,” akasema. “Na mbwa wa jirani yule pia hakuwa na kosa. Ni sisi hatukujua.” Akanyamaza. “Lakini wewe una kosa. Mwezi huu na ujao dawa na chakula ni juu yako, na vyombo pia.”

Kabla hujamleta wako

Najua kuna mtu anasoma hapa akitamani mbwa. Usiogope, lakini jiulize haya kwanza.

Landilodi amekubali? Pata jibu lake kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Mbwa wengi hutupwa siku ya kuhama.

Nani atamtunza ukipata kazi nje ya mji? Mbwa mdogo anaweza kuishi miaka 12 hadi 15. Huo ni muda mrefu kuliko mapenzi mengi ya chuo.

Una pesa ya kuweka kando? Chakula ni kitu kidogo. Ni ugonjwa wa ghafla unaouma.

Mtoto wa kwenu amefundishwa? Asimkumbatie mbwa asiyemjua, asimguse akila, asimkimbie. Na akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, hata ikiwa ni alama ndogo: sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile. Aseme bila kuogopa kuchapwa.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama. Ukimchukua, umechukua jukumu.

Na la mwisho, waulize watu wa nyumbani, kila mmoja. Akikujibu “hapana,” muulize kwa nini, halafu nyamaza usikilize. Nyuma ya hapana fupi kunaweza kuwa na miaka 40.

Wezi hawajarudi kwetu. Usiku mmoja wa mwezi uliopita walijaribu ploti ya pili. Njugu alibweka hadi taa za mtaa mzima zikawaka. Yule jirani wa “paka anayebweka” amenyamaza, na juzi alimletea mfupa wa ng'ombe.

Desemba tulikwenda Makueni. Susu ana mbwa wawili, hawajawahi kufungwa kamba maishani. Siku ya pili asubuhi nilimkuta mathe uani, amekunja leso kiunoni, anawavizia na kipande cha ugali. Alikuwa amesikia kwamba maafisa wa mifugo wanachanja mbwa sokoni.

“Shika huyo mweusi,” akaniambia. “Mimi namchukua huyu. Na mpigie kelele kila jirani mwenye mbwa, aje na wake.”

Tukateremka na njia ile ile ya mtoni, mathe mbele, kamba mkononi. Nyuma yetu walikuwa watoto 11 na mbwa tisa.